Kupoza Nyumba ya Bati Moshi Bila Kiyoyozi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Paani Hadi Dirishani

Kati ya Januari na Machi malalamiko ya Moshi ni yaleyale, uwe Pasua, Majengo au Njoro: jipsamu imewekwa, pangaboi linazunguka, madirisha yako wazi, na bado saa nne usiku chumba hakilaliki. Ukichunguza, kosa nalo ni lilelile. Fedha imekwenda kwenye dari nzuri, halafu uwazi ulio kati ya dari na bati umezibwa kila upande. Bati la mchana wa jua kali hupita nyuzi 60. Hewa iliyofungiwa chini yake haina pa kwenda, inaipasha dari, na dari inawapasha waliolala.

Watu hushangaa kuambiwa kwamba jipsamu haizuii joto, lakini ndivyo ilivyo. Bodi ya milimita 9 huficha kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na kuzuia vumbi; joto linaipenya kama vile haipo.

Hesabu zote hapa chini ni za nyumba ya mfano: ghorofa moja, mita 12 kwa 9 (mita za mraba 108), kuta za tofali za sementi za inchi 6, paa la pande mbili lenye mteremko wa nyuzi 20, na upenu unaotoka sentimita 75. Yako ikiwa kubwa au ndogo, badilisha namba kwa uwiano. Wa Arusha mna sehemu yenu mwishoni, kwa sababu tatizo lenu la Julai ni kinyume cha hili.

## Vifaa

- Vipimajoto viwili vya kawaida, na udi au ubani wa kufukiza
- Foili ya kuzuia joto ya paani, mita za mraba 130, yenye uso unaong'aa angalau upande mmoja
- Mbao za 1x2 za kushikilia foili, na misumari ya inchi moja na nusu
- Wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 hadi 10, mita 27 kwa urefu, upana sentimita 10 unatosha
- Luva mbili (fremu za kupitisha hewa zenye mapezi yaliyoinama) za mbao au bati, kila moja sentimita 70 kwa 60
- Rangi nyeupe ya akriliki ya paa, lita 44, pamoja na praima ya bati
- Silikoni au pati ya kuziba matundu ya dari
- Ngazi imara, barakoa, glovu, na mbao mbili pana za kukanyagia juu ya kenchi

Usinunue vyote kwa mkupuo. Kipimo kinachofuata ndicho kitakachokuambia uanzie wapi, na nyumba nyingine hazihitaji hata nusu ya orodha hii.

## Pima kwanza, siku tatu

Kipimajoto kimoja kitundike chumba cha kulala, kimo cha kifua, mbali na dirisha na ukuta wa nje. Cha pili kiingize darini kupitia mlango wa dari. Andika namba saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 4 usiku.

Saa 9 alasiri weka kiganja kwenye dari, kisha kwenye ukuta wa ndani. Dari ikiwa na joto kuliko ukuta, tatizo ni paa: anza hatua ya 1. Rudia saa 3 usiku kwenye ukuta wa magharibi. Ukiukuta bado una fukuto wakati dari imeshapoa, hatua ya 4 ndiyo yako. Vyote viwili vikiwa vimepoa na hewa ya chumba bado nzito, ruka hadi madirisha.

Karatasi hiyo itunze. Bila namba za kabla, baada ya kazi utabaki unabishana na fundi kwa hisia.

## Hatua ya 1: Ipe hewa ya darini njia ya kutoka

Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote kwa gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi. Hewa moto hupanda. Ikipata tundu juu na tundu lingine chini, inatoka yenyewe bila feni.

Kanuni ya kazi: chukua eneo la dari, gawanya kwa 150. Kwa mita za mraba 108 unapata 0.72. Nusu yake, yaani 0.36, iwe chini kwenye upenu, na nusu nyingine iwe juu karibu na kofia ya paa, yaani bati linalofunika mgongo wake. Hizo ni mita za mraba za uwazi halisi, baada ya kutoa sehemu inayoliwa na wavu na mapezi ya luva.

Chini: kwenye bodi ya upenu, nyuma ya fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), kata mwanya wa sentimita 2 kwa urefu wote wa pande mbili ndefu. Mita 27 mara 0.02 ni 0.54. Wavu ukila robo, unabaki na 0.4. Inatosha.

Juu: toboa ukuta wa pembetatu kila upande wa nyumba, karibu na ncha, uweke luva ya sentimita 70 kwa 60. Mbili zinatoa 0.84, mapezi yanakula nusu, unabaki na 0.42. Mapezi yainame nyuzi 45 kuelekea chini na nje, vinginevyo masika yatakuingilia.

Usitumie wavu wa mbu hapa. Matundu yake madogo hujaa vumbi la kiangazi mapema, na mwanya wako unakuwa ukuta. Wanaozuiwa hapa ni popo, ndege na panya. Mbu anazuiwa na dari yenyewe, ndiyo maana matundu yote ya dari, ya nyaya na ya taa, yazibwe kwa silikoni siku hiyohiyo.

Mwenye paa la pande nne ana kazi ya ziada. Paa la aina hiyo kwenye nyumba ya mfano lina mgongo wa mita 3 tu. Hata ukiinua kofia sentimita 3 kila upande, unapata 0.18, nusu ya kinachotakiwa. Suluhisho ni kukata vipembetatu viwili vidogo kwenye ncha za mgongo na kuweka luva humo. Mwite fundi paa anayejua kufunga bati vizuri. Hapa si pa kujifunzia.

Utajuaje imekubali: saa 9 alasiri fukiza udi karibu na mwanya wa upenu. Moshi unavutwa ndani. Ukirudi usoni kwako, mwanya wa juu ni mdogo au umezibwa.

## Hatua ya 2: Foili, na makosa yake matatu

Hewa ikishapata njia, joto linalobaki hushuka kwa mnururisho: bati linaimulika dari kama kaa la moto linavyomulika mkono. Uso unaong'aa wa alumini hutoa kama asilimia 5 tu ya mnururisho ambao ungetolewa na mbao au bodi yenye joto hilohilo. Lakini ina sharti: mbele ya uso huo lazima pawe na hewa, angalau sentimita 2.5.

Kosa la kwanza linatoka hapo. Foili iliyobanwa ikagusana na bati inageuka kuwa bati la pili. Joto linapita kwa kugusana, fedha imepotea.

Kosa la pili ni kuelekeza uso unaong'aa juu "ili urudishe jua". Hakuna jua darini. Kuna vumbi, na baada ya misimu michache litaufunika uso wote. Uso unaong'aa utazame chini.

Kosa la tatu ndilo la hatari. Foili inapitisha umeme. Australia, mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto darini mwaka 2009 na 2010 ulisimamishwa baada ya mafundi kufa, wengine kwa kupigwa na umeme walipokuwa wakifunga foili. Zima swichi kuu kabla ya kupanda, hakikisha kwa tasta, na usipigilie chochote karibu na waya. Waya uliochubuka urekebishwe na fundi umeme kwanza, foili baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Fanya alfajiri, umalize kabla ya saa 3 asubuhi. Ndani ya paa la Moshi saa 6 mchana mtu anaweza kuzirai.

1. Kanyaga kenchi au mbao ulizolaza juu yake, kamwe usikanyage bodi ya dari.
2. Anza juu, karibu na kofia, ukishuka. Tandaza foili kwa ulalo chini ya mbao za juu za kenchi. Papi (mbao zinazopigiliwa bati) za 2x2 na kenchi ya 2x4 zinakupa takribani sentimita 15 za hewa kati ya foili na bati.
3. Shikilia kwa mbao za 1x2 kwenye kila kenchi. Iache ilegee kidogo. Ikivutwa sana inachanika kwenye misumari.
4. Kipande kinachofuata kiingie chini ya cha juu, kwa mpishano wa sentimita 15. Sababu ni jasho la bati: alfajiri ya baridi matone hudondoka juu ya foili na kuteremka. Mpishano ukiwa kinyume, yanavujia darini na kuacha madoa ambayo kila mtu atadhani ni bati limetoboka.
5. Acha sentimita 10 wazi chini ya kofia, kila upande, hewa ipite.
6. Chini, ishie nje kidogo ya ukuta, lakini isifunike mwanya wa upenu. Angalia hili mara mbili. Kazi nyingi za foili huua hatua ya 1 hapahapa.

Mwenye dari tayari na kenchi fupi zisizopitika karibu na upenu asijilazimishe kujibana humo. Foili iishie pale mkono unapofika.

Utajuaje imekubali: kiganja kwenye dari saa 9 alasiri. Dari na ukuta wa ndani viwe karibu sawa. Kipimajoto cha darini, kikiwa chini ya foili, kionyeshe tofauti ya wazi na namba zako za awali katika siku yenye jua la namna moja. Usilinganishe siku ya mawingu na siku ya jua.

## Hatua ya 3: Rangi ya paa

Mabati ya rangi ya damu ya mzee, kijani kibichi na kijivu kizito ndiyo yanayopendwa sasa. Ni mazuri barabarani. Pia yanameza sehemu kubwa ya jua linaloyapiga, wakati nyeupe safi hurudisha sehemu kubwa. Kama bado hujanunua bati, chagua rangi nyepesi na hatua hii huihitaji.

Kwa paa lililopo: eneo lake pamoja na upenu ni kama mita za mraba 151, na migongo ya bati inaongeza hadi karibu 166. Mikono miwili ya rangi, lita moja kwa mita za mraba 8, ni lita 41 na ushee. Ndoo mbili za lita 20 na kopo la lita 4.

Safisha kwa brashi na maji ya sabuni, suuza, acha likauke siku nzima. Bati jipya la kung'aa lina mafuta ya kiwandani. Bila kuyaondoa na kupaka praima ya bati, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Paka asubuhi, bati likiwa baridi. Mkono wa pili kesho yake.

Unayevuna maji ya mvua, chagua rangi ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inafaa kwa maji ya kunywa, na ondoa bomba kwenye gata kwa mvua mbili tatu za mwanzo.

Vumbi hupunguza kazi ya rangi nyeupe. Lisuuze paa Desemba, vuli inapoishia.

## Hatua ya 4: Ukuta wa magharibi

Tofali la inchi 6 linabeba joto taratibu. Jua la saa 10 jioni linafika upande wa ndani baada ya saa nne au tano, yaani wakati mnaingia kulala. Ndiyo maana chumba cha magharibi hupoa mwisho.

Upenu hausaidii hapa, kwa sababu jua la jioni huja limelala. Kinachotakiwa ni kivuli cha wima: baraza lenye paa, chanja za mianzi zilizotundikwa sentimita 15 mbali na ukuta, au mpesheni uliopandishwa kwenye waya. Mpesheni uachie nafasi ya hewa nyuma yake; ukitambaa ukutani moja kwa moja unaleta unyevu na sisimizi. Mti wa kivuli upandwe mita 5 kutoka msingi.

Pazia zito la ndani ni dawa dhaifu. Joto likishavuka kioo limeshaingia.

Kama bado hujachimba msingi, una bahati. Moshi na Arusha ziko kama nyuzi 3 na theluthi hivi kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini siku mbili kwa mwaka, kabla ya katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni huegemea kaskazini likiwa nyuzi 63 juu ya upeo, Desemba huegemea kusini likiwa nyuzi 70. Kwa hiyo pande za kaskazini na kusini ni rahisi kuzifunika: dirisha ambalo kizingiti chake kiko mita 1.5 chini ya upenu linahitaji upenu wa sentimita 76 upande wa kaskazini na 55 upande wa kusini. Elekeza ubavu mrefu wa nyumba huko, weka choo, stoo na gereji magharibi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu hutaihitaji. Umbo la kiwanja likigoma, angalau vyumba vya kulala visikae magharibi.

## Hatua ya 5: Madirisha na upepo wa mlima

Dirisha la alumini la kusukuma kando hufunguka nusu. La mita 1.5 kwa 1.2 lina mita za mraba 1.8 kwenye risiti, lakini hewa inapita kwenye 0.9, na wavu wa mbu unapunguza tena. Kwa chumba cha mita za mraba 12 lenga mwanya halisi wa 1.2 au zaidi. Dirisha la bawaba au la luva hufunguka lote, na ndilo tungechagua kwa chumba cha kulala, hata kama fundi alumini atakushawishi vingine kwa sababu la kusukuma ni jepesi kwake.

Dirisha moja halipitishi hewa. Inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye ukuta mmoja wa nje kikatiwe tundu juu ya mlango, sentimita 30 kwa upana wa mlango, lenye wavu.

Mchana hewa huelekea kupanda mlimani, usiku baridi huteremka kutoka Kilimanjaro, yaani kutoka kaskazini. Hiyo ni hewa ya bure. Funga madirisha na mapazia kuanzia saa 4 asubuhi, nje kunapoanza kuwa na joto kuliko ndani. Fungua yote jioni, kipimajoto cha nje kikishuka chini ya cha ndani, ukianza na ya kaskazini. Yaache wazi hadi alfajiri. Wengi hufanya kinyume: wazi mchana kutwa, kufungwa usiku kwa kuogopa wezi na mbu. Grili na wavu mzuri ndivyo vya kutatua hofu hiyo.

Tanga, kijijini Magoda, zipo nyumba za majaribio zilizojengwa na wasanifu wa Denmark: katika baadhi yake vyumba vya kulala viko juu, na kuta zinapitisha hewa huku zikizuia mbu. Na shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyompa Francis Kéré Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, imeinua paa la bati juu kabisa ya dari ya matofali ili upepo upite katikati. Ukitazama picha zake utaona hatua ya 1 ikiwa imefanywa wazi, bila kufichwa na fisha bodi.

## Hatua ya 6: Pangaboi, sasa

Feni haipozi chumba, inapoza ngozi. Chini ya dari yenye fukuto inakusukumia fukuto hilo. Ndiyo maana inakuja mwisho. Pangaboi la wati 70 kwa saa 8 hula yuniti 0.56, kiyoyozi kinachovuta kilowati moja kwa saa hizohizo hula yuniti 8. Mapanga yawe mita 2.3 kutoka sakafuni, na sentimita 25 chini ya dari.

## Kwa walio Arusha

Njiro, Sakina au Ngaramtoni, shida ni Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi nyuzi 12 au 13. Foili peke yake haitoshi. Mnahitaji blanketi juu ya dari. Sufi ya kioo ya sentimita 8 inafanya kazi vizuri. Mbadala wake wa bei ndogo ni pumba za mpunga, zinazopatikana kwenye mashine za kukoboa za Chekereni na Mabogini, chini ya Moshi. Sentimita 10 za pumba kavu zinakaribia sentimita 8 za sufi.

Dari ya mraba 108 itameza takribani mita za ujazo 11. Uzito ni kama kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo jipsamu iwe ya milimita 12 na mbao zake zisiachane zaidi ya sentimita 40. Ya milimita 9 italegea tumbo.

Pumba haziwaki kwa moto mkubwa, lakini hufuka kimyakimya, na moto wa kufuka ni mgumu kuugundua. Nyaya zote zipandishwe juu ya pumba, zisizikwe. Taa za kuzama zizungushiwe boksi la bati lenye nafasi ya sentimita 15. Viungo vyote vya dari vizibwe kabla ya kumwaga, na kwenye upenu simamisha ubao wa sentimita 15 ili upepo usizipeperushe wala zisizibe mwanya. Luva na mianya ya hatua ya 1 inabaki wazi, hata Julai; blanketi ndilo linaloshika joto, na hewa inayopita juu yake ndiyo inayoondoa jasho la bati.

Mvua za kwanza za masika zikipita, panda uingize mkono ndani ya pumba sehemu nne tano, hasa chini ya viungo vya bati na kuzunguka bomba la tanki. Zikiwa kavu na zinateleza vidoleni, funga mlango wa dari. Zikishikana au zikinuka uvundo, zitoe hizo tu, tafuta msumari wa bati uliolegea juu yake, ubadilishe kabla hujarudishia nyingine.